Siku Mtu wa Tuzo Alipokuja Kuulizia

Kwetu Mombasa posa haijibiwi mpaka watu wameulizia. Hutumwa mtu mzima, mara nyingi shangazi au mjomba, anakwenda kwa jirani wa yule anayeposwa, anaketi, anasalimu mpaka salamu zinamwishia, halafu anauliza: huyu mtoto mnamjuaje? Mtaani kwetu aliyekuwa akiulizwa ni mama yangu, na mama alikuwa na utaratibu wake. Kahawa ikishamiminwa kikombe cha kwanza, anataja kasoro. Msichana ana ulimi. Kijana ni mzito wa kuamka, alfajiri inampita. Kikombe cha pili ndicho cha sifa, na hapo mama hakuwa na haraka hata kidogo. "Ukianza na sifa," alikuwa akiniambia, "watadhani umetumwa." Kila mtu mtaani alijua kwamba haondoki mtu kabla ya kikombe cha pili.

Nayaeleza haya mwanzo ili usiniite mpumbavu mapema. Baadaye ukitaka niite tu, mwenyewe nimejiita mara nyingi.

Miaka ya themanini ilikuwa imeshavuka nusu. Nilikuwa nikifanya kazi Falls Church, kitongoji cha Washington huko Amerika, kwenye fleti ya ghorofa ya tano karibu na Route 7, nikimtunza bibi mmoja mzee aliyekuwa daktari. Mwenyewe nilikaa Silver Spring, chumba na sebule, pamoja na muuguzi mmoja Mkenya wa bara. Kila asubuhi nilipanda treni ya laini nyekundu, nikabadili mjini, nikashuka kwenye stesheni ya Falls Church iliyokuwa bado inanuka rangi mpya, kisha nikamalizia safari kwa basi.

Mzee wangu alitoka Sri Lanka. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa amewazalisha wanawake wachuma chai kwenye milima ya huko, akikaa nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa mashamba, mahali ambapo madaktari wengine walipelekwa kama adhabu na yeye alikwenda kwa kuomba. Alifundisha wakunga, akagombana na mameneja wa mashamba mpaka wakakubali mama mjamzito asipande mlima na kikapu mgongoni. Kisha akapooza upande wa kushoto, na bintiye akamleta Amerika. Siku ya kwanza nilimwita Mama, kwa heshima ya kwetu. Alinigeukia akasema, "Mama ni kazi nyingine. Mimi niite Daktari." Basi nikamwita Daktari.

Binti yake nilimwita Dada. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mtu wa kompyuta, mkimya, asiyeolewa. Alimfanyia mama yake kila kitu kinachotakiwa kufanywa, kwa wakati wake, na sikuwahi kumwona akikaa kitandani kwake.

Jumamosi moja nilimkuta mezani jikoni na taipureta, akiandika. Daktari alikuwa ameambiwa ni kazi ya ofisini. Dada alifunga mlango wa korido akaniambia kwa sauti ya chini. Kulikuwa na tuzo moja kubwa huko Asia, kwao haipo ya juu zaidi, ambayo hupewa watu waliotumikia umma na kuwaongoza wenzao bila kujifikiria wenyewe. Mtu hajiombei. Hupendekezwa na wengine, na mwenyewe hatakiwi kujua. Ikibainika kwamba alijua, jina lake linafutwa. Halafu watu wa tuzo hutuma mtu wao kimya kimya, akawaulize wanaomfahamu. Jamaa haruhusiwi kupendekeza, kwa hiyo barua ingetiwa saini na daktari mstaafu aliyewahi kufanya kazi na mama yake. Lakini kila neno lilikuwa la Dada.

"Unamfanyia jambo kubwa," nilimwambia.

Akaacha kuandika. "Nilikuwa na miaka minne aliponipeleka kwa shangazi yangu mjini. Alikuwa akija mara mbili kwa mwaka. Mwaka mmoja alikuja siku yangu ya kuzaliwa. Kabla hajamaliza kipande cha keki ikaja telegramu kwamba kuna mwanamke mashambani uchungu umemzidi. Aliondoka na keki mkononi, akaimalizia kwenye gari. Sikumwona tena mpaka Desemba." Alisema haya bila hasira, kama mtu anayesoma anwani. "Wakimpa tuzo hii, nitajua niliachwa kwa ajili ya kitu. Wasipompa, basi niliachwa tu."

Mimi nina binti. Wakati ule alikuwa na miaka tisa na alikuwa Mombasa kwa mama yangu. Nilimwacha akiwa na sita. Kwenye nyumba ile sikuwa nimemwambia mtu kwamba ninaye, kwa sababu kwenye kazi za utunzaji waajiri waliogopa wanawake wenye watoto, hata watoto walio ng'ambo. Niligeukia sinki nikaanza kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Miezi ikapita. Siku moja Dada akanipigia simu kutoka ofisini: mtu wa tuzo angekuja Jumatano saa nane mchana, wakati Daktari amelala. Angeonana na wengine wengi, na mimi nilikuwa miongoni mwao kwa sababu ndiye niliyekuwa naye mchana kutwa. "Mwambie unayoyaona," alisema. Kisha nikasikia anavuta pumzi. "Tafadhali."

Nilijiandaa kama ninayepokea wakwe. Nilipiga deki, nikachoma udi kidogo, nikatoa vikombe vyangu vidogo vya kahawa nilivyovibeba kutoka nyumbani nikivifungia kwenye soksi. Kahawa niliitia tangawizi. Saa nane kamili kengele ya mlango ikalia. Alikuwa mzee wa Kiasia, profesa wa chuo kimoja mjini, suti ya kijivu, nywele nyeupe. Kabla sijamkaribisha alivua viatu, akavipanga mlangoni, ncha zikitazama nje.

Viatu vile ndivyo vilivyoniponza. Miaka mitatu nilikuwa nimeona Wamarekani wakikanyaga mazulia ya watu na viatu vyenye theluji, na sasa huyu bwana amevua bila kuambiwa. Moyo wangu ukasema, huyu ni mtu wetu, anajua mambo. Aliketi, akauliza hali yangu, akauliza nimetoka wapi na mvua za kwetu zikoje. Nikamimina kikombe cha kwanza. Akatoa daftari, akauliza kwa upole, "Huyu mama unamjuaje?"

Swali lile lile! Ulimi wangu ukarudi Mombasa bila ruhusa yangu.

"Ana moyo mgumu," nilisema. "Mtoto wake mwenyewe hakumlea. Alimpeleka kwa watu akiwa na miaka minne, akaenda kushughulika na watoto wa wengine."

Hapo lazima nikiri kitu ambacho nilichukua muda mrefu kukiona. Mama yangu angetaja kasoro ndogo. Angesema Daktari hapendi kungojeshwa, au kila chakula anakiona hakina chumvi. Kasoro zake zilikuwa za kumkaribisha mgeni, sio za kumfukuza. Lakini kilichokuwa mdomoni mwangu ni kile kilichokuwa kikiniuma mwenyewe usiku na mchana, na nilimtupia Daktari kwa sababu ilikuwa rahisi kumtupia yeye kuliko kukaa nacho.

Profesa aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyosema. Nikashika birika nimmiminie kikombe cha pili, na sifa zilikuwa zimejaa kifuani zikisukumana. Nilitaka kumweleza juu ya mfagiaji wa jengo letu, msichana kutoka El Salvador, ambaye Daktari alimwona mara moja tu kwenye lifti. Aliniagiza nimwite, akamshika tumbo kwa mkono wake mmoja mzima, akasema apelekwe hospitali saa ile ile, na hospitali wakasema angechelewa siku moja tu angemkosa mtoto na pengine angekwenda naye. Nilitaka kumweleza juu ya barua ninazomsomea kutoka milimani, zilizoandikwa na wanawake waliozaliwa mikononi mwake.

Alifunika kikombe kwa kiganja. "Inatosha, bibi. Nina miadi mjini."

"Lakini hujanywa cha pili."

"Kahawa yako ni nzuri sana. Lakini cha pili daktari wangu amenikataza."

"Kuna mengine," nilisema. "Bado sijasema."

Alikuwa ameshainama mlangoni akifunga kamba za viatu, nami nimesimama juu yake na birika mkononi. "Umenisaidia sana," alisema. "Wengi hunisifia tu, kurasa kwa kurasa. Mtu mkweli ni adimu." Wakati huo huo kengele ndogo ya Daktari ikalia chumbani. Singeweza kumwacha mgonjwa nikamfuata mtu kwenye lifti. Mlango wa lifti ukajifunga, nikaenda chumbani na birika bado mkononi.

Daktari alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka.

"Nani yule?"

"Mtu wa bima."

"Mtu wa bima anataka kujua kama nilimlea mwanangu?"

Alikuwa amesikia. Ningeweza kujitetea kwa sentensi moja: Daktari, ni watu wa tuzo, na nilikuwa bado naja kwenye sifa. Lakini sentensi hiyo ndiyo hasa ingefuta jina lake. Nilisimama pale nikiwa nimefumba mdomo, na kila nilivyozidi kunyamaza ndivyo nilivyozidi kuonekana mmbeya anayepika kahawa kwa wageni ili awaeleze aibu za nyumba.

"Ulichosema ni kweli," alisema mwishowe. "Lakini kwa nini ulimwambia asiyehusika?"

Nilitaka kumjibu kwamba anayehusika anarudi nyumbani kila siku saa kumi na mbili jioni, na kwamba Daktari mwenyewe amekuwa na miaka yote hiyo ya kuzungumza naye. Sikuthubutu. Nikaomba radhi, nikatandika shuka ambayo ilikuwa imetandikwa.

Nilirudi Silver Spring nimevimba macho. Yule muuguzi tuliyekaa naye alikuwa anajiandaa kwenda kazini, nikamsimulia yote huku nalia. Alinitazama kama aliyeona kituko.

"Wewe Mswahili wewe! Hii si kuulizia bibi harusi, hii ni reference bwana! Hapa America unasema excellent, excellent, mpaka mwisho. Hata kama mtu ni mwizi, unasema ni hardworking."

"Nilikuwa bado sijafika kwenye sifa."

"Nani atangoja ufike? Ameshaandika, ameshaenda. Hakukuachia card?"

Alikuwa ameacha kadi.

"Basi mpigie kesho. Umwambie hukumaliza."

Nilimpigia asubuhi yake kutoka jikoni, Daktari akiwa bafuni. Akapokea karani wake. Alisema profesa yuko safarini na kwamba niache ujumbe mfupi. Nilikuwa na haraka, Daktari alikuwa anakaribia kumaliza kuoga. Nikasema, "Mwambie mhudumu wa Falls Church hakumaliza. Kuna mengi zaidi." Karani akanisomea ujumbe wangu neno kwa neno, nikasema ndio, ni sawa. Nilikata simu nikashusha pumzi, nikidhani nimejenga nilipobomoa.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Daktari hakunifukuza, na afadhali angenifukuza. Alianza kula kwa mkono wake mwenyewe, akimwaga supu kifuani, ili asilishwe na mimi. Barua zikija kutoka milimani aliziweka chini ya mto, hazisomwi. Kila simu ilipolia nilishtuka, nikiamini ni profesa anayetaka kusikia yaliyobaki. Nilikuwa nimeyapanga kichwani kwa Kiingereza kizuri, nikiyarudia kwenye treni mpaka mama mmoja wa Kizungu akahama kiti. Profesa hakupiga. Na Dada kila jioni alinitazama mlangoni kwa jicho la kuuliza kama kuna habari, nami nilimjibu hakuna, bila kumwambia nilichofanya. Niliogopa. Sikuogopa kupoteza kazi tu. Niliogopa kuuona uso wake akijua kwamba ile "niliachwa tu" imetoka mkononi mwangu.

Majira ya joto yakafika. Jumamosi moja Dada aliingia jikoni asubuhi, bado na nguo za kulalia, akafunga mlango wa korido.

"Wametangaza," alisema. "Hayumo."

Nilikuwa nakata papai la Daktari. Niliweka kisu chini. Maneno yalinitoka yote kwa mpigo, mama yangu na vikombe vyake, viatu vya profesa, kasoro niliyoanza nayo, kikombe kilichofunikwa, na jinsi Daktari alivyosikia nami nikashindwa kujieleza. Nilimwambia anifukuze, ni haki yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti akaketi.

"Najua," alisema. "Alinipigia simu."

"Nani?"

"Yule profesa. Alipata ujumbe wako kwamba kuna mengi zaidi, akadhani ni mabaya zaidi. Hakutaka kukusumbua. Akaniuliza mimi kama ulichosema ni kweli."

"Ukamwambia nini?"

"Nilikuwa na jibu tayari. Nililiandika mwenyewe kwenye ile barua, ukurasa wa saba kati ya kurasa tisa. Kwamba ilikuwa makubaliano ya familia, kwamba nilikuwa na furaha, kwamba tulitembeleana mara kwa mara." Alichukua kipande cha papai, akakitazama, akakirudisha. "Nikafungua mdomo nimsomee jibu langu. Badala yake nikamwambia ni kweli. Nikamweleza ile siku ya keki. Nikamweleza Desemba. Nilikuwa nasikia kalamu yake kwenye simu, na sikunyamaza."

"Dada, lakini uliitaka tuzo hii kuliko kitu chochote."

"Nilidhani hivyo." Macho yake yalikuwa makavu. "Maisha yangu yote, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Shangazi hakuuliza, shule hawakuuliza, yeye hakuuliza. Huyu alikuwa wa kwanza. Ningemjibuje uongo?"

Nilimsikia Daktari akikohoa chumbani, kisha akikoroma tena. Hakujua kwamba alitajwa, wala kwamba alikosa, na mpaka anafariki miaka miwili baadaye hakuambiwa. Hilo pia nililiona ni dhuluma, sawa na ile hadithi ya mfagiaji na tumbo lake, ambayo sikupata kumwambia mtu yeyote mwenye kalamu.

Nilisema kwamba nasikitika. Nilisema Daktari alistahili, wallahi alistahili, na kwamba mimi ndiye niliyeharibu.

"Alistahili," Dada alisema. "Na mimi pia nilistahili." Alisimama, akafunga mkanda wa gauni lake la kulalia. Nilidhani amemaliza, lakini akabaki pale ameshika mgongo wa kiti. "Nilikuona siku ile ukiosha sahani safi. Wako ana miaka mingapi?"

Sikuwa nimewahi kumwambia kwamba ninaye. Miaka yote ile nilikuwa nimemficha mwanangu vizuri, na picha yake ilikuwa imeshonewa ndani ya pochi yangu, mahali ambapo hata mimi nilihitaji mkasi ili kuiona.

"Tisa," nilisema. "Karibu kumi."

"Mlete," alisema. "Usimngoje akue aje kukuandikia kurasa tisa za sifa."

Nililia pale pale mbele ya sinki, mikono ikiwa na maji ya papai, na Dada hakuninyamazisha.